Kiti cha Kinyozi, Upepo na Mama Mkwe

Nikisema mbele za watu kwamba upepo hurefusha siku, hunitazama kama wanavyomtazama mtu aliyeanza kunywa kabla ya chai. Nimezoea. Mke wangu naye alinitazama hivyo hivyo aliposikia jambo hilo mara ya kwanza, na bado akakubali kuolewa nami. Kazi ilikuwa kwa baba yake.

Baba yake ni mfugaji na mkulima wa milimani, upande wa Bijombo, mtu wa maneno machache, na hayo machache harudii. Tulipokwenda kujitambulisha, wazee wa pande mbili walizungumza vizuri, ng'ombe wakakubaliwa, kisha akaweka sharti moja: harusi itafanyika nikishamaliza masomo. Hakutaka binti yake aolewe na mtu ambaye bado anaitwa mwanafunzi. Sikuona ubaya. Nilikuwa nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Uvira huku nikisomea lisansi, ile shahada ya chuo kikuu, nikadhani nitamaliza upesi. Kumbe. Mara walimu wa chuo wamegoma, mara ziwa limepanda na kuingia madarasa ya chini, mara barabara imefungwa na direkta wa kazi yangu, yule profesa aliyeniongoza, amekwama ng'ambo ya mpaka. Kila tulipotuma ujumbe milimani kwamba bado, mzee alijibu kwamba hata yeye bado. Wenzangu wote walikwisha kuwa na watoto. Mchumba wangu alianza kunyamaza tukipita mbele ya duka lenye nguo za maharusi, na ukimya wake uliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo siku ya defansi, yaani siku ya kuitetea kazi yangu ya mwisho mbele ya juri, jopo la wakaguzi, haikuwa ya shule tu. Nikianguka, nitarudi kuanza mwaka mwingine, na sikuwa na hakika tena kwamba mwaka ukiisha nitamkuta msichana anayenisubiri. Nililala vibaya wiki nzima. Mtu akinisalimia nilimjibu kwa ukali, akiniuliza maendeleo nilimjibu kwa ukali zaidi.

Na mimi mwenyewe ndiye niliyejitafutia. Wenzangu waliandika juu ya mmomonyoko wa udongo, mafuriko ya mito, soko la samaki, mambo ambayo kila mkaguzi anayajua na anayapenda. Mimi nilichukua upepo na mzunguko wa Dunia. Nilikuwa nimesoma habari hizo kwenye simu, siku moja umeme umekatika na sina la kufanya, na sikuweza kuziacha. Ukikaa Uvira unaishi katikati ya ziwa na milima. Mchana hewa inatoka ziwani na kupanda milima, jioni inashuka na kurudi majini, na mapazia ya nyumba yetu yanafanya kazi hiyo kila siku bila kupumzika. Nilikuwa nimeyatazama mapazia hayo miaka mingi bila kujua kwamba kuna watu wanaoupima upepo wa dunia yote ili wajue Dunia yenyewe itageuka kiasi gani.

Jambo lenyewe si gumu, ingawa mimi lilinichukua muda kulimeza. Dunia inajizungusha, na hewa iliyoifunika inazunguka pamoja nayo, ila hewa haitulii kama ardhi. Ukiuweka pamoja mwendo wa kuzunguka wa ardhi na ule wa hewa, jumla yake haibadiliki kwa sababu ya upepo. Wanachofanya hao wawili ni kunyang'anyana. Pepo zinazovuma kuelekea mashariki, upande ule ule ambao Dunia inazungukia, zikipata nguvu, ardhi inabaki na mwendo pungufu na siku inarefuka. Zikilegea, ardhi inajirudishia na siku inafupika. Ni kama watu wawili chini ya blanketi moja, mmoja akivuta, mwingine anabaki miguu nje. Kinachovutwa ni kidogo mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, hata jogoo hawezi kukosea kwa ajili yake. Lakini mitambo inayotazama vitu vya mbali sana angani inakiona, na vipimo vyake vinatangazwa bure kwa yeyote mwenye simu na uvumilivu.

Kilichonishika kabisa ni mahali ambapo hewa na ardhi hushikana. Hewa hukwaruza ardhi na maji inapopita, na tena huisukuma milima. Ikikandamiza ubavu mmoja wa mlima kuliko ubavu wa pili, mlima unaipokea nguvu ile na kuipeleka kwa Dunia nzima. Nikainua macho kwenye milima iliyo nyuma ya mji wetu, ile inayotuletea mawe na matope kila mvua kubwa, na ambayo nimeilaani mara nyingi, nikaona kwamba ina kazi nyingine ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwambia hata mwuza mkate.

Tena kuna faida. Wanaoongoza vyombo vya angani, na wale wanaotunza setilaiti zinazoiambia simu yako uko mtaa gani, lazima wajue mapema Dunia itakuwa imegeuka kiasi gani kesho na keshokutwa. Basi wanawauliza watu wa hali ya hewa: pepo za siku zijazo zitavuma vipi? Jibu la upepo linawapa jibu la mzunguko. Siku zikizidi, utabiri wa upepo unachoka, na utabiri wa mzunguko unachoka pamoja nao. Kazi yangu ilikuwa kuchukua urefu wa siku na nguvu za pepo, vyote vya miaka kadhaa, na kuchora mistari miwili kwenye karatasi moja. Mistari ile ilifuatana kama mbuzi na mwanawe. Nilipoiona inafuatana nilipiga meza, na mwenye duka la kuchapisha akaniambia niende nikapige meza ya kwetu.

Direkta wangu aliipenda kazi, lakini alinionya. Katika juri atakuwamo profesa mmoja mgeni kutoka mkoa mwingine, mtu asiyeridhika na michoro. Huyo anataka kuona kitu kwa macho yake, asipokiona anakata pointi hadi mwanafunzi analia. Nikafikiri siku mbili tatu, kisha nikamkumbuka binamu yangu.

Binamu yangu ni kinyozi pale mtaa wa Kimanga, na kitu anachokipenda kuliko wateja ni kiti chake, kiti cha chuma na ngozi kutoka Bujumbura, ambacho ukikigusa kwa kidole kinazunguka bila kupiga kelele. Nilikwenda kwake wakati wa jua kali, wateja wakiwa wachache, nikiwa nimebeba gurudumu la baiskeli. Niliketi, nikainua miguu, nikalishika gurudumu mbele ya kifua likiwa limelala kama sinia, mkono mmoja kwenye ekseli. Kwa mkono wa pili nikalisukuma lizunguke kulia. Kiti kikaanza kwenda kushoto, chenyewe, na mimi juu yake. Nikalizuia gurudumu, kiti kikasimama. Gurudumu ni hewa, kiti ni Dunia. Mmoja akichukua mwendo huku, mwingine anaupoteza, na hakuna mtu wa nje aliyewagusa.

Mteja mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akinisubiri nimwachie kiti. Binamu yangu alisimama na mashine mkononi.

"Weye unasoma hii miaka yote," akaniambia, "kumbe ni juu ya kuzunguka mu kiti yangu?"

Alinicheka, lakini siku ilipofika alikileta kiti mwenyewe kwa mkokoteni, amekifunga kamba na kukifunika shuka kama mgonjwa.

Hapa kwetu mtu hatetei kazi yake peke yake. Ndugu wanakuja na soda, na mavazi yao mazuri, na hata wasiojua Kifaransa wanaketi hadi mwisho na kutikisa vichwa mahali panapofaa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona baba wa mchumba wangu. Alikuwa ametuma neno kwamba anashuka. Sikujiandaa kumwona mkewe. Mama huyo hashuki mjini ovyo, kwa kuwa safari ni ndefu na magoti yanamsumbua, lakini asubuhi ile nilimkuta amesimama uani mwa chuo, kitenge kipya mabegani, anapangusa vumbi la barabara kwenye viatu.

Lazima nieleze heshima ya kwao, ambayo kwetu huku kwenye uwanda wa Ruzizi pia tunayo, ingawa vijana wanaichezea. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaketi benchi moja. Wakikutana, mama hujisitiri uso kwa nguo au hupisha, na mkwe kwa upande wake hampi mgongo hata iweje. Mimi sikuwa mkwe bado, hakuna aliyenidai hayo. Nilikuwa nayafuata kwa hiari yangu, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka mambo yawe. Yeye hakuwa na sababu ya kuyafuata. Asubuhi ile alinijia moja kwa moja uso wazi, akanishika mkono, akaniuliza habari ya nyumbani, jinsi anavyomfanyia mwalimu yeyote wa mjini. Nilimjibu vizuri. Ndani nilijiona nimekufa, maana mkono ule ulinieleza waziwazi kwamba bado mimi si mtu wake.

Ukumbi ulikuwa mdogo. Juri waliketi upande wa madirisha, wageni na wanafunzi wangu wa sekondari kwenye mabenchi ya upande wa pili, na mimi katikati na kiti changu. Msimamizi, kwa adabu zake, aliwaweka wazee mbele. Mama alipewa nafasi ya kwanza kabisa, hatua chache kutoka nilipo.

Maelezo yangu yalikwenda vizuri. Nilisimama ubavu, nusu kwa juri, nusu kwa wageni, na nikienda kuandika ubaoni nilirudi kinyumenyume badala ya kugeuka. Direkta alitabasamu. Kisha yule profesa mgeni akasukuma karatasi zangu pembeni. Aliuliza kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili ili wageni wasikie.

"Karatasi inasema vizuri. Lakini iko kiti pale. Tuonyeshe."

Nikaketi. Nikainua miguu, nikalishika gurudumu, nikalipa nguvu ya kwanza, na kiti kikaanza kwenda. Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilikuwa nimefanya jaribio lile mara nyingi mbele ya vioo vya kinyozi, na hata mara moja sikufikiria kwamba mtu anayezunguka humpa mgongo kila aliyemo chumbani. Tena ameketi, miguu juu, na shati limetoka. Nikashusha mguu. Kiti kikasimama.

"Juu ya nini unatia muguu chini?" akauliza profesa. "Dunia haina muguu."

Wageni wakacheka. Nikajaribu tena, taratibu, nikijiambia nitageuka robo tu kisha nirudi. Kufika robo, mguu ukashuka wenyewe. Profesa akaandika kitu. Direkta wangu alianza kutazama dari. Nilimwona mchumba wangu ameziba mdomo kwa kiganja, na nikaelewa wote wanavyoelewa: jaribio halifanyi kazi, mwalimu amedanganya, maneno yote ya upepo ni hewa tupu. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

"Kwa hiyo haizunguke," akasema profesa.

"Inazunguka," nikasema. "Ni minye siwezi, Profesa. Mama mukwe iko hapa. Nikizunguka, namupa mugongo."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Mama mkwe. Nimelisema mbele ya juri, mbele ya ndugu, mbele ya mzee ambaye hajatoa siku wala mwezi. Sikuthubutu kumtazama. Profesa alikunja uso, hakuona tatizo lipo wapi.

"Sayansi haina mama mukwe," akasema.

Nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akinionya tangu utoto. "Sayansi haina," nikamjibu. "Minye niko naye."

Nilijua nimeharibu, na nilijua pia kwamba nikiambiwa nirudie nitarudia yale yale. Nililiweka gurudumu magotini nikasubiri kufukuzwa.

Kisha nikasikia nguo inakung'utwa. Mama alikuwa amekivua kitenge chake mabegani, amekifungua chote, na sasa anakitupa juu ya kichwa. Kilimfunika uso, kikamfunika mabega, kikashuka hadi magotini. Akakivuta sawasawa, akakunja mikono chini yake.

"Mumuambie azunguke," akasema kutoka humo ndani. "Minye siko naangalia."

Nilizunguka. Sijui nilipata wapi mkono, lakini gurudumu lilikwenda kwa kasi ambayo haikuwahi kutokea Kimanga, na kiti kikaenda upande wa pili kwa upole, bila kukwama. Madirisha yakapita, na ziwa ndani yake. Juri wakapita. Ubao, mlango, binamu yangu aliyekuwa anakitazama kiti na si mimi, mzee na fimbo yake, kitenge kilichoketi wima. Nilipiga kelele kama niko darasani kwangu: pepo zikienda huku, ardhi inapungukiwa huku, zikitulia, ardhi inarudishiwa chake. Nikalibana gurudumu, kiti kikasimama papo hapo. Kikasimama nimempa mama mgongo kamili. Nikajigeuza haraka kwa kisigino, na watu wa mabenchi ya nyuma wakacheka hadi profesa naye akacheka. Alikuja akaketi kwenye kiti yeye mwenyewe, akaomba gurudumu, akazunguka mara mbili akiwa na miwani mkononi.

Walitutoa nje ili wapange alama. Uani mlikuwa na kivuli chembamba kando ya ukuta, na ndugu wakaanza kufungua soda kabla ya wakati wake. Mimi niliona ni bora nimalize jambo la pili kabla la kwanza halijatoka. Nikaenda kwa mzee.

"Baba, munisamehe," nikasema. "Lile neno lilitoka mbele ya wakati."

Kwanza aliniuliza kama kweli upepo unaoezua mabanda yake kule juu ndio huo huo unaoiminya Dunia. Nikamwambia ndio, wote umo katika hesabu, hata wa kwake. Akaguna kwa namna ya mtu aliyekuwa akishuku jambo hilo siku nyingi. Halafu akarudi kwenye neno langu.

"Tungojee hawa bantu batoke," akasema. "Kama iko vizuri, tutaangalia siku ya harusi. Kama haiko vizuri, utaanza tena, na sisi tutangoja."

Moyo ulinishuka. Ni jibu la haki, ndilo sharti tulilokubaliana, na nilichoka nalo kiasi cha kutaka kuketi chini pale pale kwenye vumbi. Mchumba wangu alisimama karibu na mama yake, ametazama chini. Mama alikuwa bado amejifunika. Walikuwa wamemshika mkono kumtoa ukumbini, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kiti kimesimama zamani. Sasa aligeuza kitenge chake upande wa mumewe.

"Tunangojea nini?" akauliza.

"Juri," akasema mzee. "Bado banapanga pointi."

"Bapange. Hiyo ni ya kwabo." Hakupaza sauti. "Minye nilijifunika mbele ya bantu bote. Mama anajifunika juu ya mukwe wake, hajifunike juu ya mwanafunzi. Sasa hawa bakitoka na kusema hapana, nitajifunua?"

Mzee alitazama mlango wa ukumbi, akamtazama binti yake, akatazama fimbo. Yule mama alijua anachofanya tangu alipokikung'uta kitenge, na ni mimi mwenye karatasi zote zile ambaye sikuona.

"Hapana," akasema mzee mwishowe. "Usijifunue."

Kisha akamwuliza binti yake, kama anayeuliza bei ya chumvi, iwapo harusi baada ya mavuno ya maharage itamfaa. Mchumba wangu alisema itamfaa, akaanza kulia, na mimi nikaanza pia, mwanamume mzima na suti ya kuazima, mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa, wakatuita ndani. Nilifaulu. Mpaka leo watu wakiniuliza nilipata alama ngapi namgeukia mke wangu anijibu, maana wakati zinasomwa mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimekwisha kuoa.